Makosa Yote kwa Mara Moja

Dodoma,
Ijumaa, saa saba mchana.

Mwanangu Nyemo,

Hali yako sikuulizi. Asubuhi nimekuacha uani unapiga pasi sketi ya safari huku unaimba, na mkaa umeuzidisha kama kawaida yako, kwa hiyo najua u mzima. Mimi nami ni mzima. Niko ofisini, kwenye chumba cha kompyuta, viatu nimeviacha mlangoni. Wenzangu Waislamu wamekwenda msikitini na wenzangu Wakristo wamekwenda kula, na kwa ninavyowajua, watakaorudi ni wale wa msikitini. Nina utulivu wa kutosha kuandika.

Utaona nimetumia karatasi za printa, zile ndefu zenye matundu pembeni ulizokuwa ukichorea nyumba na mbuzi ulipokuwa mdogo. Sijazikata. Nikizikata kurasa kurasa nitapata mahali pazuri pa kuishia kabla sijafika ninakokwenda, na ninajijua.

Mambo ya safari sitayagusa. Shangazi yako amekueleza yote tangu Jumatatu, begi, maji ya kuchemsha, kiti cha dirishani na vijana wa Dar, na mengine amekueleza mara mbili. Mimi nina jambo moja tu, nalo linahusu fomu yako ya chuo ya mwaka jana, ile iliyokufanya uende posta kila wiki bila kupata jibu. Kuna kitu hukijui juu ya fomu ile, na ni lazima ukijue kabla hujapanda basi kesho. Nimejaribu kukisema kwa mdomo mara tatu wiki hii nikaishia kuuliza kama chumvi imetosha. Kwa hiyo naandika, na kwa kuwa unakwenda kusomea kompyuta, nitaanzia huko ninakokujua, kwenye programu yangu ya kwanza na mama mmoja wa Kondoa.

Ulikuwa darasa la tatu. Ndiyo miaka ile ya ruksa, biashara ya nafaka ilipoachiwa watu binafsi, na ghafla yeyote mwenye ghala na moyo mgumu aliweza kununua mahindi vijijini na kuyasafirisha, ilimradi awe na leseni. Leseni zilitoka ofisini kwetu. Watu walijaa barazani kuanzia alfajiri, kutoka Kongwa, Mpwapwa, Kondoa, Manyoni, kila mtu na fomu yake ameikunja mara nne mfukoni. Ndipo tukaletewa kompyuta mbili za msaada. Tulizipokea kama maharusi. Chumba kilipakwa rangi, kiyoyozi kikafungwa, madirisha yakazibwa nyufa kwa sababu ya vumbi letu jekundu, na amri ikatoka kwamba kila anayeingia avue viatu. Katibu muhtasi wetu akazidarizia vitambaa vya kufunikia, maua ya bluu, na mpaka leo kimoja kipo.

Mimi nilikuwa nimetoka kozi ya miezi sita, na kwa maoni yangu nilikuwa ndiye mtu pekee Dodoma nzima anayejua kuandika programu. Usicheke. Mama yako alicheka vya kutosha kwa niaba yako.

Programu yangu ilikuwa inakagua fomu za leseni. Fomu ilikuwa na visanduku ishirini na viwili vya kujaza: jina, tarehe ya kuzaliwa, kata, ukubwa wa ghala, muhuri huu, sahihi ile. Karani alichapa yaliyoandikwa, programu ikapita kisanduku kimoja baada ya kingine. Ikikuta kosa, ilisimama hapo hapo, ikachapa kwa herufi kubwa FOMU IMEKATALIWA, na chini yake namba ya kisanduku chenye kosa. Basi. Haikuangalia vilivyobaki. Niliona huo ndio uhodari wenyewe: kosa moja linatosha kuikataa fomu, sasa ya nini kupoteza umeme kutafuta la pili? Mkuu wangu alipenda sana zile herufi kubwa. Akanipeleka kwa wageni kuwaonyesha.

Bi Zaina alifika dirishani siku ya soko. Mama mtu mzima kutoka milimani huko juu ya Kondoa, mjane, kanga mbili safi, na fomu yake ameiweka ndani ya kitabu cha shule ili isikunjamane. Hakuna aliyekuja na fomu isiyokunjwa isipokuwa yeye. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za watoto. Karani akachapa. Mashine ikakataa: kisanduku cha sita, hakuna muhuri wa kata.

"Nikiuleta muhuri, nitapata?" akauliza.

"Ukiuleta, mama, tutaiangalia tena."

Ilikuwa kweli. Angalia nilivyomjibu vizuri. Kutoka kwao mpaka hapa, siku hizo, ni lori, na lori likiharibika unalala Chemba juu ya magunia ya watu. Akaenda, akarudi baada ya siku tisa. Muhuri upo, umekolea wino. Mashine ikapita kisanduku cha sita, ikafika cha tisa, ikasimama. Tarehe ya kuzaliwa alikuwa ameandika "mwaka wa nzige, wakati wa palizi." Unajua wazee wetu wanavyohesabu umri wao kwa njaa na nzige, bibi yako mpaka anakufa hakuwa na tarehe, alikuwa na njaa yake aliyozaliwa nayo. Lakini mashine ilitaka siku, mwezi na mwaka, na kiapo cha mahakama ya mwanzo kikiambatishwa. Akaenda tena. Akarudi na kiapo. Mashine ikapita cha tisa, ikasimama kwenye cha kumi na tano: ukubwa wa ghala ulikuwa umeandikwa kwa hatua. Hatua kumi na mbili kwa nane. Mashine ilitaka mita, zilizopimwa na mtu wa kata. Mara ya nne ikapita hapo pia, ikasimama kwenye cha kumi na tisa, sahihi ya bwana shamba.

Nyemo, makosa yote manne yalikuwemo kwenye ile karatasi ya kwanza isiyo na kunyanzi. Nami nilikuwa nimeishika mkononi.

Alipokuja mara ya tano nilimwamkia kama kawaida.

"Marahaba, mwanangu. Leo nimekuletea zawadi."

Akafungua fundo la kanga, akamimina pale dirishani konzi ya mahindi. Yalikuwa mahindi kwa umbo tu. Kila punje ilikuwa na tundu, na vumbi jeupe likamwagika juu ya daftari la karani. Dumuzi.

"Siku ya kwanza niliyosimama hapa, haya yalikuwa mazima," akasema. "Ya kwangu na ya majirani zangu sita walioniamini. Yamekaa ghalani yakisubiri karatasi yako."

"Pole sana, mama. Mashine ndivyo ilivyo. Ikikuta kosa inasimama, haiendi mbele."

"Mashine imesimama, nimeelewa. Na wewe je? Macho si unayo? Ungeniambia yote siku ile, mimi nimesimama mbele yako, miguu bado ina nguvu, ningekasirika mara moja, nikaenda mara moja, nikarudi, yakaisha. Wewe umenipa kosa moja, ukaningoja nifike kwetu, ndipo ukatafuta jingine."

Halafu akainama kidogo, akachungulia chini ya meza. Nilikuwa na soksi tu, na ya kushoto ilikuwa na tundu.

"Kumbe hata viatu huna," akasema, akafunga kanga yake.

Leseni aliipata siku hiyo hiyo. Cha kusafirisha hakuwa nacho tena. Yale mahindi niliyafagia mwenyewe, sikumwachia mhudumu.

Nilirudi nyumbani nikamweleza mama yako. Nilitegemea anihurumie. Alikuwa anachambua mchicha, hakuinua uso. Akasema, "Mbona hivyo ndivyo unavyomfanyia Nyemo na daftari lake la hesabu?"

Nilibisha. Lakini unakumbuka. Ulikuwa unaniletea daftari, nakuta hesabu ya pili imekosewa, nalifunga: rudia. Unarudi umeisahihisha, nakuta ya nne imekosewa, nalifunga: rudia. Ulikuwa unakwenda na kurudi kati ya meza ya chakula na kiti changu, na siku moja ulilala mkekani umeshika penseli, hesabu ya saba ikiwa bado. Niliita hiyo kukufundisha umakini. Mama yako aliniambia, "Baba Nyemo, ukimaliza kutafuta makosa ya mtoto, yaseme yote, alie mara moja, tule." Kwa wiki nzima nilijaribu. Baadaye nikarudia mtindo wangu.

Kwenye programu lakini nilibadilika. Ilinichukua siku kumi na nne. Niliondoa amri ya kusimama kila mahali ilipokuwa, na mwanzoni kabisa nikaweka orodha tupu. Iite kapu. Programu ikikuta kosa inalitupia kapuni na kuendelea na kisanduku kinachofuata, mpaka cha ishirini na mbili. Ikifika mwisho inalitazama kapu. Likiwa tupu, leseni inachapwa. Likiwa na kitu, yanachapwa yote pamoja, na mtu anaondoka dirishani anajua safari yake ina nini. Huko uendako watakufundisha kwa maneno mazuri zaidi, lakini ukiwaza kapu hutapotea.

Nilijiona nimeshakuwa mtu mwema. Haikufika mwezi akaja mkulima mmoja wa Mlali, kijana mpole, na printa ikaanza kulia, ikalia, ikalia. Makosa kumi na tisa. Karatasi ikamfika magotini. Aliitazama, akaitazama tena, akasema, "Basi, mzee, mimi nitaendelea na kulima," akaondoka zake. Nilipoikagua fomu yake niligundua kosa lilikuwa moja. Karani wetu aliruka kisanduku cha nne wakati wa kuchapa, na kila kilichofuata kikasogea: jina la kata likakaa penye tarehe, tarehe ikakaa kwenye kisanduku cha nyuma yake, na kadhalika mpaka mwisho. Fomu yenyewe ilikuwa sawa kabisa. Tulimtumia ujumbe kwa watu wa kwao Kongwa, hakurudi.

Hilo lilinisumbua kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nimejifunza kusema yote, sikuwa nimejifunza kuyapanga. Mtu ukimwagia makosa kumi na tisa yote kwa uzito mmoja, hajui aanzie wapi, anakata tamaa na kosa ambalo hata si lake. Makosa yana ukoo. Lipo moja linalozaa, na mengine ni watoto wake, akifa mama yanakufa yote. Kwa hiyo nikaifundisha programu kuuliza: je, hili lingekuwepo kama lile la juu lisingekuwepo? Kama lisingekuwepo, liandikwe chini yake, kwa herufi ndogo. Hapo ndipo karatasi zikaanza kuwa fupi na watu wakaanza kurudi.

Na nikuambie na lile la aibu zaidi, kwa sababu nimeahidi kutokata karatasi. Katikati ya hayo yote, mkuu wangu alichoka. Orodha za makosa zilikuwa zinabandikwa ukutani na wageni walikuwa wanazisoma. Akaniita, "Hiyo mashine yako inatutia aibu. Huwezi kuifanya inyamaze?" Naweza, nikasema. Ni mstari mmoja tu: ukikuta kosa, usiseme, endelea kama hakuna kitu. Ukaniona siku hizo narudi nyumbani mapema, nakununulia na maandazi. Wiki mbili ofisi ilikuwa na furaha isiyo na kifani, leseni zinatoka kama mvua. Wiki ya tatu tukapokea lundo la leseni zilizorudishwa kutoka vizuizini: nyingine hazina jina la mtu, nyingine zina ghala la ukubwa wa sifuri. Watu wamekamatwa na magunia yao barabarani kwa karatasi tulizowapa sisi. Niliufuta ule mstari siku hiyo hiyo bila kumuuliza mtu. Kati ya kusimama kwenye kosa la kwanza na kunyamazia makosa yote, la pili ni baya zaidi, maana anayesimama angalau hadanganyi kwamba yamekwisha.

Wamerudi wa msikitini. Mmoja ameniuliza ninaandika ripoti gani ndefu hivi, nikamwambia ya mwaka jana.

Sasa fomu yako.

Ulipoileta, mama yako alikuwa na miezi minane tangu tumzike. Nyumba ilikuwa na viti sita na watu wawili. Ulikuja nayo hapa hapa ofisini, ukavua viatu mlangoni bila kuambiwa, nikaisoma, nikakuambia mwandiko wa ukurasa wa kwanza hausomeki. Ukaenda ukaomba ukurasa mwingine, ukauandika upya. Nikaona picha yako ni nyeusi mno, uso hautambuliki. Ukaenda Majengo kwa mpiga picha, ukangoja siku tatu. Nikaona muhuri wa shule umevurugika. Ukaenda shuleni kwa miguu, jua la saa sita, ukarudi midomo imekauka.

Kila mara nilikuonyesha kosa moja, na kila mara lilikuwa kosa la kweli. Hapo ndipo ninapojishangaa. Sikukudanganya kwa neno hata moja. Yote matatu niliyaona siku ya kwanza, Nyemo, nikakupa moja. Mtu niliyekwisha kufagia mahindi ya Bi Zaina kwa mikono yangu.

Mara ya nne fomu ilikuwa safi. Niliipitia kisanduku kwa kisanduku, na nilikuwa natafuta, lakini haikuwa na kitu. Nikakuambia, "Iache hapa, nitaituma kwa posta ya ofisi." Ukasema, "Ahsante, baba," ukavaa viatu vyako ukaenda.

Fomu yako haikukataliwa. Haikufika. Haikutoka chumba hiki. Niliiweka kwenye droo ya chini kushoto, chini ya orodha za programu za zamani. Siku ya kwanza nilijiambia nitaituma kesho. Kesho nikajiambia bahasha za ofisi zimekwisha, na kweli zilikuwa zimekwisha. Siku ya mwisho ya kupokea maombi ilikuwa Jumatano. Nilikaa hapa nikaitazama saa ya ukutani mpaka saa tisa na nusu, nikafunga droo, nikaja nyumbani nikakukuta umepika ugali na mlenda. Nikala, nikaongeza.

Halafu ukaanza kwenda posta. Miezi. Ulikuwa ukirudi unasema "bado" kabla sijauliza, ili mimi nisipate shida ya kuuliza. Na siku ile uliyosema, "Labda mimi si mtu wa chuo, baba," nikakushika bega nikakuambia uwe na subira. Nilikubembeleza kwa kidonda nilichokutia mwenyewe. Katika yote niliyofanya maishani, hilo ndilo nisilotaka kulikumbuka, na ndilo linalokuja lenyewe kila ninapovua viatu mlangoni hapa.

Mwaka huu ulisema, "Nitaituma mwenyewe, baba, nisikusumbue." Sijui kama ulikuwa unashuku kitu au ni huruma yako ya kawaida. Sikuthubutu kukutazama. Jibu lilipokuja nilicheza na wewe pale uani, na furaha yangu ilikuwa ya kweli, Nyemo, tafadhali hiyo usiitilie shaka. Nilifikiri basi, mambo yamejirekebisha yenyewe, sina haja ya kusema. Nikawa nimeweka ule mstari tena: usiseme, endelea kama hakuna kitu.

Ila Jumapili, kwenye chakula cha kukuaga, ulimwambia shangazi yako kwamba itabidi usome mara mbili ya wenzako, kwa sababu wewe ulikataliwa mara ya kwanza, umeingia kwa bahati. Ulisema ukicheka. Nikaona utakwenda nalo hilo darasani, kila swali gumu utasema ndiyo maana walinikataa, na kosa ni langu, limesogeza kila kitu chako, kama kile kisanduku cha nne cha yule kijana wa Mlali.

Kwa hiyo soma hapa taratibu. Hujawahi kukataliwa. Umeomba mara moja tu maishani mwako, na mara hiyo moja wamekuchukua.

Nimejaribu kuyapanga makosa yangu kama nilivyoifundisha mashine. Kukurudisha mara tatu, droo, saa ya ukutani, kula ule ugali, kukuambia subira, kunyamaza mwaka mzima. Nikajiuliza kwa kila moja, je, hili lingekuwepo kama lile la juu lisingekuwepo? Nikapanda hivyo mpaka nikafika kwenye moja ambalo halina la juu yake. Niliogopa kubaki peke yangu katika nyumba ile. Hilo ndilo mama yao. Sikuwa nakupinga, sikuwa naona msichana hafai kusoma, wala sikuwa na shaka na akili yako hata siku moja. Niliogopa viti. Ningekuambia hivyo siku ya kwanza, ungelia, ungenikasirikia, pengine ungemwita shangazi yako aje kukaa nami, kama alivyokubali sasa kwa neno moja tu, na fomu ingeondoka na posta ya Jumatatu. Badala yake mtu mzima na nywele zangu hizi nikajificha nyuma ya muhuri uliovurugika.

Sikuandikii haya ili uniambie si kitu. Ni kitu. Ni mwaka wako.

Mwishoni mwa karatasi hii nimeibana fomu yenyewe. Itazame mwandiko wako ulivyokuwa mzuri. Ule wa kwanza pia ulisomeka; hapo juu niliposema sikukudanganya kwa neno, hilo moja nalo litie kapuni.

Nilikuwa nimekusudia kuificha barua hii chini ya begi lako, uikute Dar, ulie huko, na hasira ikifika kwangu iwe imepoa njiani. Nimeikunja mara mbili kwa kusudi hilo. Ndipo nikamkumbuka Bi Zaina na maneno yake, kwamba alikuwa amesimama mbele yangu na miguu bado ina nguvu. Kumwambia mtu akishafika mbali ni kumrudisha Kondoa tena. Kwa hiyo nitaiweka mezani leo saa kumi na moja, jua likiwa bado lipo na chakula hakijaiva, halafu nitakaa uani kwenye kigoda cha mama yako.

Ukimaliza kusoma, njoo. Usinipe moja leo na jingine ukanitumia kwa barua wakati wa Krismasi. Toa yote uliyonayo juu yangu, ya fomu na ya daftari la hesabu na mengine nisiyoyajua, mpaka kapu libaki tupu. Sitakukatiza, sitakusahihisha hata ukikosea siku. Na kama hutaki kuja, usije. Asubuhi nitakubebea begi mpaka stendi bila kuuliza neno, na nitabaki nimesimama pale mpaka basi lipinde kona.

Lakini basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, mwanangu, bado kuna jioni nzima. Nitakuwa pale kigodani kama dirishani kwangu, na leo nitakuwa nimevaa viatu.

Baba yako.